"Nimelipia kuhojiwa?"

Sisi tunatoa ushauri nasaha kwa simu ya video kwa wanaotaka kupunguza au kuacha pombe. Wiki iliyopita katuandikia mteja mwingine kwa hasira. Kalipa, kaingia kwenye simu ya video, dakika 50 kaulizwa maswali matupu, hata ushauri mmoja hakupewa. Malalamiko haya hatuyaoni kwa mara ya kwanza, na mara nyingi yanatoka kwa vijana wa miaka 20 na kitu wanaotaka tuanze "kutibu" papo hapo.

Ndiyo, umelipia kuhojiwa. Tunaanza na AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe. Lina maswali 10, alama zake ni 0 hadi 40. Ukifika 8, unywaji wako umeshaingia kwenye hatari. Ukifika 20, tunataka daktari akuone kabla hatujaendelea. Hatulisomi mbiombio, maana "glasi mbili tatu" kila mtu ana zake. Tunamwomba mteja alete glasi yake mbele ya kamera, aijaze maji hadi pale anapojaza siku zote, kisha ayapime. Binti mmoja "glasi moja" yake ya pombe kali ilitoka mililita 120. Kipimo kimoja cha pombe kali ni kama 30. Alinyamaza, akaiangalia ile glasi, akasema, "Kumbe." Siku hiyo hatukuhitaji kumhubiria.

Sasa wapo wanaotaka kutuwahi: wanaacha ghafla siku mbili kabla ya kipindi, wapunguze idadi ya vipindi. Kwa aliyekuwa akinywa sana kila siku, hiyo ni hatari. Ndani ya siku mbili za kwanza mwili unaweza kutetemeka hata kupata degedege, na kuweweseka kunaweza kufuata. Kijana mmoja aliingia anatabasamu: "Sijagusa tangu juzi!" Kikombe alikiinua kwa mikono miwili, na jasho linamtiririka. Mshauri alikatisha maongezi, akamwambia amwite dada yake chumba cha pili, wakaenda hospitali. Alitaka kuokoa vipindi viwili, akalazwa siku nne. (Kipindi kile hatukumtoza, kabla hamjauliza.)

Na bei? "Si simu tu, punguzeni." Anayekusikiliza ni mshauri nasaha yuleyule ambaye ungemkuta ofisini, tena ameshasoma shajara yako ya unywaji kabla hujaingia. Hatupunguzi. Anayeingia akiwa kwenye gari lenye marafiki, akawa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu, huyo ndiye anayepoteza pesa zake.

Kwa hiyo kabla ya kipindi cha kwanza, tafuta chumba chenye mlango unaofungika. Kama unakunywa kila siku, usiache ghafla peke yako. Tuambie, tupange na daktari. Mikono ikianza kukutetemeka au ukaona vitu visivyokuwepo, usisubiri miadi yetu, kimbilia hospitali. Na glasi utakayoleta iwe ileile unayonywea, si ile ya wageni.