Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi: Merikebu iliyoitwa Syria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu kwenye maonesho yetu. Ule mfano wa mianzi uliouona mlangoni, wenye matanga ya vipande vya kanga, ni Syria, merikebu ya chuma ya tani 1,010 iliyoundwa Sunderland, Uingereza, mwaka 1868. Mwenyewe alikuwa James Nourse. Injini haikuwa nayo. Ilikwenda kwa upepo.

Machi 1884 iling'oa nanga Calcutta, India, kuelekea Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyokuwa koloni la Uingereza, ikiwa na abiria 497. Walikuwa Wahindi waliofungwa na mkataba wa miaka mitano ya kazi mashambani. Mkataba huo wenyewe waliuita girmit. Leonidas, merikebu ya kwanza, ilishafika huko 1879, na hadi 1916 watu zaidi ya 60,000 walivushwa kwa njia hiyo.

Usiku wa Jumapili, 11 Mei, safari ikiwa karibu kwisha, Syria ilipanda mwamba wa Nasilai, huko Fiji. Mawimbi yakavunja mashua zake nyingi. Daktari William MacGregor, mganga mkuu wa koloni, aliongoza uokoaji, na wenyeji wa Nasilai nao wakawasaidia manusura. Walikufa abiria 56 na mabaharia 3. Simbi 59 zilizopangwa chini ya mfano wetu ni zao. Tulizihesabu mara mbili, isikose hata moja.

Mheshimiwa, lililotuumiza zaidi ni hili: waliotolewa majini, wengine wakiwa wamefiwa na watoto usiku ule, mkataba ulikuwa bado unawangoja. Walipopata nafuu walipelekwa mashambani. Bahari haikuwapunguzia hata siku moja.

Habari hii si ya mbali nasi. Kati ya 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa Mombasa kwa mikataba ya namna hiyo kujenga reli ya Uganda, na karibu 2,500 walifia kazini.

Ombi letu ni moja. Ramani ya darasani kwetu imechanika ukingoni, palepale Fiji ilipokuwa. Tumeichora kwa penseli ukutani. Tunakuomba utusaidie kupata ramani kubwa ya dunia.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Historia.