Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mzazi apate mlango wa pili

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu nyingi kutoka Makorora. Nakuandikia kwa kuwa wewe ndiwe mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na jambo langu ni moja. Mzazi wa Tanga akiona mwanawe anavutwa na watu wa msimamo mkali, mlango anaoufahamu ni wa kituo cha polisi. Kwa kuwa ni huo tu, hunyamaza.

Mkoa huu haujasahau. Februari 2015 askari wetu walipambana na watu wenye silaha kwenye mapango ya Amboni. Mwishoni mwa Mei 2016 watu wanane waliuawa kikatili Kibatini. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kibiti, mkoani Pwani, na Oktoba 2020 moto wa waasi wa Cabo Delgado, Msumbiji, ukavuka mto Ruvuma hadi Kitaya, Mtwara. Kila mara vyombo vya dola vilikwenda, na ilibidi viende. Mwenye bunduki mkononi hasubiriwi na mshauri nasaha. Mimi nasemea ile miaka au miezi ya kabla, wakati bunduki haijashikwa.

Vijiweni utasikia kwamba watu hao ni wendawazimu, au wametiwa dawa. Maelezo hayo yanatupumzisha, lakini hayana ukweli mwingi. Tangu 1981 Martha Crenshaw, mtafiti wa Marekani, aliandika kuwa kinachojitokeza zaidi kwa magaidi ni ukawaida wao. Daktari wa akili Marc Sageman alifuatilia maisha ya watu 172 wa mitandao ya namna hiyo, akakuta wengi waliingia kupitia rafiki au ndugu. Kijana hufuata mtu kwanza. Itikadi huja nyuma yake. Naye mwanasaikolojia Arie Kruglanski anasema kiini ni haja ya mtu kuonekana ana maana. Aliyedhalilishwa, au aliyeona ndugu zake wakidhalilishwa, humsikiliza anayemwambia: kwetu wewe ni shujaa.

Hebu tujiangalie. Kijana amemaliza kidato cha nne, anaendesha bodaboda ya mtu, jioni analeta hesabu. Nyumbani anaambiwa wenzako wamejenga. Akisimamishwa barabarani anaitwa “wewe dogo” mbele ya abiria wake. Wengi wa namna hii hawatamgusa mtu maisha yao yote, na umaskini peke yake haumfanyi mtu muuaji. Lakini atakayekuja kumwita kwa heshima atamkuta na njaa ya heshima hiyo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilitoa mwaka 2017 ripoti ya mahojiano na watu waliowahi kujiunga na makundi haya barani Afrika. Kati ya waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Mheshimiwa, takwimu hiyo ningependa isomwe kabla ya kila msako. Kijana anayezolewa na wenzake, akalala ndani siku kadhaa kisha akaachiwa bila hata neno la samahani, anarudi mtaani na hadithi, na ipo mikono inayoisubiri hadithi hiyo.

Ripoti hiyohiyo ilionesha kuwa kusoma elimu ya dini kwa miaka sita au zaidi kunapunguza uwezekano wa mtu kujiunga. Wanaotaka kila madrasa itazamwe kwa jicho la kachero wakalisome hilo mara mbili.

Sasa turudi kwa mzazi. Mwana ameacha kwenda uwanja wa Mkwakwani kuitazama Coastal Union, timu aliyokuwa akiililia. Haitiki salamu ya babaye, ati baba si Mwislamu wa kweli. Ameuza baiskeli na hasemi fedha imekwenda wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni ushahidi, na ndevu na suruali fupi ndiyo kabisa si ushahidi. Wanasaikolojia wenyewe wanakiri hawana sura moja ya gaidi wa kesho. Lakini mama anajua kuna kitu. Tunamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, ilhali hatujamwonyesha hospitali ya maradhi haya.

Mji wa Aarhus, Denmark, ulijaribu njia nyingine. Polisi, watu wa ustawi wa jamii na shule walishirikiana. Mzazi alipiga simu, kijana akapewa mtu mzima wa kutembea naye, akasaidiwa shule, kazi na hata ugomvi wa nyumbani. Mwaka 2013 vijana wapatao 30 wa mji huo walikwenda Syria. Mwaka uliofuata akaripotiwa mmoja. Sidai ni mpango huo tu uliofanya hivyo, na Tanga si Denmark. Ila sisi tuna wazee wa mtaa, mashehe, wachungaji na maafisa ustawi wa jamii wanaojua nyumba kwa nyumba, hazina ambayo Aarhus ililazimika kuitafuta.

Ninachoomba ni chumba, kiwe nje ya kituo cha polisi. Akae humo afisa ustawi wa jamii, pamoja na mtaalamu wa afya ya akili kutoka hospitali ya Bombo kwa siku maalumu, na wazee wa kuitwa inapohitajika. Wanasheria wa mkoa waandike waziwazi ni jambo gani lazima lifikishwe polisi chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 na lipi linabaki chumbani. Mama aambiwe mpaka huo kabla hajafungua mdomo. Akija kugundua amehadaiwa, hatakuja mwingine.

Na wasisahauliwe watoto wa Kibatini. Aliyekuwa na miaka saba usiku ule sasa ni kijana. Naye anahitaji mtu wa kumsikiliza, pengine kuliko wote niliowataja.

Kikao kijacho cha Kamati kiliweke hili kwenye ajenda, na afisa ustawi wa jamii wa mkoa aitwe mezani aseme anahitaji nini ili aanze.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Makorora, Tanga