Mnaopiga picha mashamba ya mkonge, andikeni na majina

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, jambo hili limenikaa rohoni miaka na juzi limeamka tena. Nilikua naangalia picha kwenye simu, mtu kaja huku kwetu Muheza kapiga korona ya zamani iliyokufa, yaani kiwanda cha kukwangulia majani ya mkonge, mabati yana kutu, mti umeota katikati ya mashine, vile vireli vya kubebea mkonge vimefukiwa na majani, picha nzuri sana sikatai na watu wamezipenda kweli, ila nimeziangalia mpaka ya mwisho sijaona mtu hata mmoja. Na hapo hapo ukivuka tu barabara kuna kambi ya wafanyakazi, na kambini bado wapo wazee waliozifanyia kazi mashine hizo hizo.

Mimi ni mtoto wa manamba. Baba alitolewa Kigoma miaka ya hamsini, SILABU, ofisi ya wenye mashamba, ndo walikua wanaandikisha vijana wa kuja kwenye mkonge, akapanda treni halafu lori, alipofika akapewa kipande, kadi ya kazi yenye namba, na basi, mnyapara anaita namba na karani anaandika namba. Wapo waliotoka Songea, wapo Wamakonde kutoka Msumbiji, wapo Warundi, wote walifika wana majina ya kwao wakageuka namba ndo maana wakaitwa manamba. Baba mpaka anafariki mwaka aliozaliwa alikua anaukisia, lakini namba yake ukimuuliza hata usiku wa manane anakutajia.

Kazi yenyewe wengi wanaiona ya kutumia nguvu tu. Siyo kweli, ina ufundi wake. Baba alikua anaanza na ile miiba ya nchani, anaipunguza ili isimtoboe macho, ndo anainama kukata jani moja moja kutokea chini, yale ya juu anayaacha maana ukiyamaliza mkonge unadumaa, halafu anafunga mafungu ya majani thelathini thelathini anayabeba begani mpaka kwenye reli. Yale maji ya mkonge yanawasha balaa, mikono yake ilikua migumu mpaka kaa la moto alikua analichukua kwa vidole anawashia sigara. Jani likifika korona linapondwa na kukwanguliwa huku maji yanamwagika, na katika kilo mia za majani unapata singa, zile nyuzi zenyewe, kama kilo nne tu, zinazobaki ni uji wa kijani unaotiririka mferejini, harufu yake sisi watoto wa kambini tulikua hatuisikii tena ila mgeni akishuka kwenye basi anaziba pua.

Mama yeye alikua anaanika. Anachukua shada la singa mbichi, analikung'uta mara moja tu, linatua kwenye waya limeshajitandaza lote bila fundo, anahamia lingine, hivo hivo tangu asubuhi mpaka jua kali na mtoto mgongoni. Kule kukung'uta kwa mara moja sijawahi kukuona kwenye picha yoyote duniani. Zikikauka zinakwenda kwenye brashi, mashine ya kuzisugua, huko ni vumbi, watu wanafunga kitambaa puani na jioni wanatoka weupe kama wametoka kusaga unga.

Sasa angalieni historia ilivyoandikwa. Kila mtu Tanga anaambiwa mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida huko Marekani, mingi ikafa njiani ikabaki 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miche tunajua ilikua 62! Waliochimba mashimo wakaimwagilia mpaka ikashika, mimi sijawahi kukuta jina la mmoja wao popote. Chuo kikuu cha Frankfurt wameweka mtandaoni maelfu ya picha za enzi za Mjerumani, ukitafuta mkonge unaupata, watu wamesimama mstari na mizigo, na chini yake imeandikwa wafanyakazi, basi. Mwingine hapo ni babu wa mtu.

Na msiseme zamani ndo ilikua hivo kila mahali. Kuna Mmarekani anaitwa Lewis Hine, kuanzia 1908 alizunguka viwandani na migodini kupiga picha watoto wanaofanyishwa kazi, wenye viwanda hawakumtaka kabisa, lakini alikua anaandika jina la mtoto, umri, kazi na mahali, anaandikia mkono ukiwa mfukoni wasimuone, na urefu wa mtoto anaupima kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe. Zaidi ya miaka mia imepita na mpaka leo wajukuu wanawatambua babu zao. Leo mtu ana simu inayoandika na kurekodi sauti anashindwaje?

Mkonge wenyewe haujafa, hilo niliseme wazi. 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000, kamba za plastiki zikaingia sokoni bei ikaporomoka, miaka ya tisini tukashuka mpaka kama tani 20,000, mashamba yakawa pori na watu wakaachwa kambini bila kazi. Sa hivi limeitwa zao la kimkakati, wakulima wadogo wanalima, nafurahi. Lakini ile kazi ya manamba, vile vitoroli, maisha ya kambi ambapo makabila kumi mnagawana bomba moja la maji, hivo havirudi, na waliovijua wanazikwa kila mwaka.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mpigapicha mmoja, sitamtaja, akamkalisha baba kibarazani na kisu chake, akampiga karibu saa nzima, akaahidi kuleta nakala. Baba alivaa shati la Idi. Aliulizia ile picha mpaka akachoka. Alivofariki tulizika bila picha yake hata moja ya maana, mwaka uliofuata nikaikuta kwenye kalenda ukutani kwa mtu, imeandikwa mzee wa mkonge. Niliomba ile kalenda nikanyimwa kwanza mpaka nilipoonyesha kitambulisho changu wakaona ubini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkija pigeni na mashine, sawa, ila muulizeni mtu jina lake lote na la baba yake, alikua idara gani, katoka wapi, mwambieni picha inakwenda wapi, na mumrudishie nakala ya karatasi maana wengi hawana simu ya picha. Mwambieni ashike kisu aonyeshe anavyokata, msimkalishe tu kwenye kiti atoe macho. Na nyie gazeti mnao wapigapicha, Muheza siyo mbali na Tanga mjini. Jirani yetu mama mmoja aliyekaa brashi miaka ishirini bado yupo, kifua kinamsumbua lakini akili nzima, mchana anakaa nje chini ya mwembe na ukimpa shada la singa mikono yake inaanza yenyewe. Kipande cha baba ninacho, kimechakaa ila namba inasomeka, akija mtu wenu nitamtolea.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga