Upande Mmoja Umekufa: Maelezo Kuhusu Bei ya Hedifoni Zetu

Swali hili tunaulizwa kila wiki, na wengine huuliza wakiwa wameshakasirika: "Mbona kwenu hedifoni ya waya ni shilingi 2,200, na pale nje kwenye meza ni 600, tena ina jina kubwa?" Kuna bwana mmoja alifika hadi kusema mbele ya wateja kwamba sisi ni wezi. Jawabu lipo, na ni haki ya kila anayetoa pesa yake kulisikia.

Hizo za 600 tumezifungua nyingi. Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, alituletea moja aliyouziwa kuwa ni halisi, akaamini kwa sababu ilikuwa nzito mkononi. Tulipoifungua, uzito ulikuwa ni kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ndani ya kila kikombe cha sikio, hakina kazi yoyote. Spika yenyewe ilikuwa ndogo kuliko sarafu ya shilingi kumi, ndani ya kikombe cha kutosha spika ya milimita 40. Besi inavuma, maneno hayashikiki, na mama wa watu alitaka kusikiliza Kurani tu.

Kwenye boksi lake paliandikwa 20 Hz hadi 20,000 Hz. Maandishi hayo utayakuta karibu kila boksi, la mia tatu na la elfu thelathini, maana ndizo sauti, kutoka nzito hadi nyembamba, ambazo sikio la binadamu lenye afya husikia. Hayakuambii kitu kuhusu ubora.

Mwenye pesa kidogo tunamshauri achukue ya waya. Kwenye Bluetooth ya bei hiyo hiyo, pesa yako imegawanywa kwa betri, chaji na mtambo wa kunasa mawimbi. Kinachobakia kwa spika ni makombo. Na zile ndogo za kutia sikioni, betri ikichoka hazifunguki bila kuvunjwa. Dereva wa bodaboda akitaka Bluetooth tutamuuzia, lakini hayo tutamwambia kwanza.

Kisha kuna hewa yetu hii ya pwani. Ngozi ya bandia ya mito ya masikio haivumilii unyevu na jasho. Inaanza kuambuka vipande vyeusi vinavyokuganda shavuni, na mteja anadhani tumemuuzia mtumba. Jeki, ile ncha ya waya unayochomeka kwenye simu, nayo inashika kutu ya kijani. Ndiyo maana tunaagiza zenye mito ya kuvua na kubadilisha, na waya unaochomoka kwenye kikombe. Waya ukifa unanunua waya, hununui hedifoni nzima. Hiyo 2,200 imeingia hapo, na katika kuzijaribu moja moja pande zote mbili kabla hazijapangwa kwenye kabati.

Lakini kinachotuuma zaidi ni ukarabati wa nyumbani. Upande mmoja ukinyamaza, mtu anaumenya waya kwa meno, anasokota, anazungusha tepu nyeusi. Nyuzi zile za shaba, nyekundu na kijani au buluu, zimepakwa rangi inayozuia umeme, na rangi haitoki kwa kusokotwa. Ni lazima uiunguze kwa solda mpaka uone shaba inang'aa, ndipo uunge, kila rangi na mwenzake. Dada mmoja anayefanya kazi ya kuandika mahojiano kutoka kwenye rekodi alijisokotea hivyo, kisha akaishika shingo ya jeki kwa supaglu. Ncha ikakatikia ndani ya simu. Kubadilisha jeki kwetu ni shilingi 300. Yeye alilipa hiyo, na 1,500 nyingine ya tundu la simu.

Ukija kununua, njoo na simu yako na kitu unachokijua vizuri, kaswida, taarabu, hotuba, chochote. Sikiliza kwa sauti ya chini, na usikilize sauti ya mtu kabla ya besi, kwa sababu besi nyingi huficha spika mbovu. Itikise shingo ya jeki huku inacheza, ikikwaruza, irudishe. Ivae dakika kumi hapo hapo dukani, hatumfukuzi mtu. Inayokaa sawa sikioni inazuia kelele za matatu, nawe huna haja ya kupandisha sauti: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki.

Na waya ukianza kukatakata, usiukunje kutafuta pembe ambayo sauti inashika. Uache ulivyo, utuletee. Ukiwahi, tunakata sentimita chache karibu na jeki, tunapiga solda upya na kuupima kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, mbele yako. Usubiri kama nusu saa. Kupima peke yake hatutozi, hata kama hedifoni hukuinunua kwetu.