Kunde zangu zililiwa na ufagio

Bw Mhariri,

Ni miaka ishirini na ushei nalisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari. Lakini ile taarifa yenu ya juzi, kwamba sisi wakazi wa Nairobi tumesahau kupanda mboga na kuhifadhi chakula na tunachojua ni kununua na kutupa, imenishinda kumeza.

Naishi Umoja, orofa ya nne. Juu ya paa nilikuwa na magunia matano: mawili ya sukuma wiki, mawili ya kunde, moja la managu. Kunde nilizipanda Machi, mvua ndefu ilipoanza. Kufikia Mei zilikuwa zimenizidi, majirani wamekula hadi wakanikimbia. Nikafanya kama nilivyomwona mama akifanya: nikachuma majani machanga, nikayachovya kwenye maji ya moto dakika chache tu, nikayachuja, nikayaanika kivulini. Kivulini, Mhariri, maana jua kali huyapausha na kuyapunguzia vitamini. Hizo zilikuwa mboga zangu za Julai, baridi inapobana na fungu la mama mboga linapokonda huku bei ikinenepa.

Basi siku ya tatu, majani yakiwa yamekauka vizuri, msimamizi wa ploti akapanda na ufagio. Eti kuna watu wanakuja kuangalia nyumba, mwenye ploti anataka paa liwe safi. Kunde zote zikaingia kwenye mfuko wa takataka, na gunia la managu likaburutwa na udongo wake hadi chini. Nilishuka ngazi na kandambili moja mguuni. Nikakuta managu yangu yamelala juu ya nepi za watu, ndani ya lori. Na ndani ya lori lilo hilo ilikuwemo mifuko yangu miwili ya asubuhi, mmoja wa maganda na mwingine wa makopo, ambayo nilikuwa nimeitenganisha kwa mikono yangu kwa sababu sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka kinachooza kitengwe na kisichooza. Imerushwa pamoja, imepasuka, imekuwa uji mmoja! Safari ya Dandora, kwenye dampo lililotangazwa kujaa mwaka 2001. Ada ya takataka mimi hulipa kila mwezi, tena mapema. Sasa nani hapa anayetupa chakula?

Na mifuko ya plastiki je? Ilipigwa marufuku Agosti 2017, nikanunua kiondo. Leo dhania ya shilingi kumi natolewa nayo kwenye mfuko ule ule mwembamba, unaochomolewa chini ya meza kama chang'aa.

Dawa ninayo. Kila lori la takataka lipigiliwe ubao katikati, futi nne kwenda juu: maganda huku, makopo kule. Na ramani ya ploti isiyo na kona ya magunia manane juu ya paa irudishwe ikachorwe upya.

Mbegu za kunde nimezichanganya na jivu zisiingiwe na wadudu, ziko kwenye mkebe, zangoja mvua fupi ya Oktoba. Mwandishi wenu aje Jumamosi moja tupande pamoja. Ila aje na msumeno wa chuma, kwani mlango wa paa sasa una kufuli, na ufunguo anao yule yule wa ufagio.

Mkulima wa Magunia,
Umoja, Nairobi