Wasomeni kwanza, ndipo muwahesabu

Mhariri,

Nimekaa kwenye kamati za kupandisha vyeo watafiti kwa miaka kadhaa, na kikao cha mwisho kimeninyima usingizi. Tuliletewa jedwali la waombaji wawili, mmoja wa hisabati, mwingine wa tiba. Mbele ya kila jina palikuwa na namba moja: 7 kwa wa kwanza, 23 kwa wa pili. Mjadala haukufika hata dakika 10. Makala zao zilikuwa mezani palepale, ndani ya bahasha ambazo hakuna aliyezifungua.

Namba hiyo ni kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Una h ya 7 ikiwa makala zako 7 zimerejelewa, yaani kutajwa katika makala nyingine za utafiti, angalau mara 7 kila moja. Basi aliyeandika makala 3 tu, kila moja ikarejelewa mara 1,000, h yake ni 3. Mwenye makala 10 zilizorejelewa mara kumi kumi anampita mbali. Tena wanahisabati huandika makala chache zenye orodha fupi za marejeleo, ilhali za tiba huwa na waandishi wengi na orodha ndefu. Kuwashindanisha hivyo ni kama kupima kitambaa kwa mizani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kompyuta haijui kama aliyerejelea alisifu au alipinga. Makala ya mwaka 1998 iliyodai kuona uhusiano kati ya chanjo na usonji, ambayo jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010, imerejelewa mno, na wengi walifanya hivyo ili kuikosoa. Naye Gregor Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi wa sifa za viumbe, alichapisha utafiti wake wa njegere mwaka 1866, akafa 1884, na wanasayansi hawakuuthamini hadi 1900. Jedwali letu lingemtupa nje.

Mabingwa wa vipimo hivi wenyewe, katika Ilani ya Leiden ya 2015, walisema takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu, zisiuchukulie nafasi. Naomba kamati zote zimtake mwombaji achague makala zake 3, wajumbe wazisome, na jedwali liletwe baadaye.

Bahasha ile ya hisabati niliifungua baada ya kikao. Kwa msaada wa mwenzangu wa fani hiyo, ilinichukua siku 2 kuielewa makala moja. Ni kazi nzuri sana, na barua ya kumkatalia mwenyewe ilikuwa imeshatumwa.

Mjumbe wa kamati