Asante mzee wa chumba namba 7

Jamani kuna mtu nataka kumshukuru mbele yenu. Gesti yetu hapa Kirumba, Mwanza, ina swichibodi ya simu ya zamani, lile boksi linalounganisha simu za vyumbani na mapokezi, ekstensheni nane, wiki iliyopita ikazima kabisa, mafundi wawili wakaniambia tupa nunua mpya, na hela ya mpya sina.

Sasa kuna mzee alifika mchana, anasubiri meli ya kesho yake kwenda Nansio kule Ukerewe, akapiga mapokezi kuomba maji ikawa kimya, akashuka mwenyewe, mwanangu hii simu imekuwaje? Nikamweleza. Akachomoa umeme kwanza, akasubiri, ndo akafungua kava akanimulikia na tochi: kapasita mbili (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) za pawasapulai, sehemu inayolisha bodi umeme, zimevimba vichwa kama maandazi, na kabetri ka kwenye bodi kamevuja, ukijani umeanza kula njia za shaba. Akamtuma kijana mjini alete betri na kapasita za mikrofaradi zilezile, yaani uwezo uleule wa kutunza chaji, akasisitiza volti zisipungue. Ule ukijani akausugua kwa mswaki na siki, akafuta kwa spiriti, akakausha, akalehemu.

Afu kabla hajafunga akafuatilia waya mmoja mmoja, akaandika kwenye karatasi upi wa chumba gani, akaibandika ndani ya mlango wa boksi. Hapo ndo nilitoa machozi kwa kweli, miaka yote hakuna fundi aliyewahi kutuachia hata mstari.

Hela alikataa, akanywa chai akawahi meli. Mafundi vijana, andikeni hivyo vikaratasi jamani. Na anayemjua huko Ukerewe amwambie namba 7 inaita.